Awaara, Pyaasa, Mother India au Mughal-e-Azam: uanze na ipi kama ndo unaingia kwenye muvi za Kihindi za zamani

Mtu akitaka kuanza kuangalia muvi za Kihindi za zamani kila anayemuuliza anamwambia Sholay, na mimi sina ugomvi na Sholay, nitaifikia. Ila kuna watu wengi siku hizi wamekulia kwenye Shah Rukh Khan na Salman Khan na tamthilia za kwenye king'amuzi, sasa wanataka kurudi nyuma wajue wazee wetu walikuwa wanapanga foleni Majestic pale Vuga Unguja au Avalon ya Dar kuangalia nini hasa, na hao ukiwarushia listi ya muvi hamsini unawapoteza tu. Kwahiyo nimechukua nne ambazo kwangu ndo milango mikubwa, yaani Awaara ya 1951, Pyaasa ya 1957, Mother India ya 1957 hiyohiyo na Mughal-e-Azam ya 1960. Pembeni nimeweka ya tano, Do Bigha Zamin ya 1953, maana bila hiyo Mother India huwezi kuipima vizuri.

Kipimo ninachotumia kuzilinganisha ni nyimbo. Najua wengine wanaangalia steringi nani, imeingiza hela kiasi gani, ina ngumi au haina, lakini kwenye muvi za miaka hiyo wimbo ndo umebeba kile ambacho wahusika hawawezi kukisema kwa mdomo wa kawaida, na anayeusogeza mbele kwa kidole kila ukianza anabaki na nusu ya hadithi halafu analalamika muvi ndefu haieleweki. Hapa mtu wa pwani ana faida kubwa sana. Tumezoea taarab, tumezoea kukaa kimya kusikiliza maneno yanampiga nani, na taarab zetu zenyewe zimechota sana ladha na melodi kutoka huko, marehemu Juma Bhalo wa Mombasa sauti yake na mahadhi yake yana Uhindi wazi kabisa, kwahiyo sikio lako tayari limeshafundishwa hata kama Kihindi hujui neno.

Na ujue mapema kwamba anayeimba siye unayemuona. Steringi anafungua mdomo tu, sauti imerekodiwa studio na mwimbaji mwingine, na waimbaji hao walikuwa na majina makubwa sawa na waigizaji. Mukesh ndo sauti ya Raj Kapoor, Mohammed Rafi anaimba sehemu kubwa ya Pyaasa, Lata Mangeshkar utamkuta karibu kila kona. Ukishazijua hizo sauti tatu utaanza kuzitambua hata kwenye muvi ambazo hujawahi kuzisikia.

Awaara na Pyaasa

Hizi mbili lazima ziwekwe pamoja. Zote zina kijana masikini mjini, zote zinauliza kosa ni la nani, la kijana au la jamii iliyomzunguka, ila majibu yao hayafanani hata kidogo.

Awaara inaanza mahakamani. Kijana anaitwa Raj (Raj Kapoor mwenyewe, ndo dairekta pia) ameshtakiwa kwa kutaka kumuua jaji mmoja mkubwa, Raghunath, na wakili anayemtetea ni Rita (Nargis), msichana aliyelelewa na huyohuyo jaji, yaani anamsimamisha mlezi wake kizimbani na kuanza kumhoji. Kutoka hapo hadithi inarudi nyuma. Raghunath anaamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa mtu mwema lazima awe mwema, na kwa imani hiyo na wivu akamfukuza mke wake mjamzito baada ya mke huyo kutekwa na jambazi Jagga na kurudishwa. Mtoto akazaliwa barabarani akakulia uswahilini Bombay, na Jagga akamfundisha wizi makusudi ili kumuonyesha jaji kwamba damu yake naye inaweza kuwa ya mwizi. Kinachonifurahisha mpaka leo ni kwamba anayeigiza huyo jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor kweli kweli, na Raj akiwa mtoto mdogo anaigizwa na Shashi Kapoor, mdogo wake wa tumbo moja.

Kuna sehemu ndogo watu wanaipita haraka naomba uisubiri. Akiwa mtoto Raj anaiba mkate kwa sababu mama yake mgonjwa na ndani hamna kitu, anakamatwa, anaenda jela. Huko wanampa mkate. Anaushika anauangalia anasema mkate huu ningeupata nje nisingekuja humu ndani. Sentensi moja tu, mtu mwingine angeitengenezea hotuba ya dakika kumi.

Nyimbo zake ni za Shankar na Jaikishan, na ule wa jina la muvi wenyewe kijana anautembeza mtaani kwa furaha huku maneno yanasema hana nyumba hana mtu, melodi inacheka maneno yanalia. Wimbo huo ulivuka mpaka Urusi ya Kisovieti muvi ilipoonyeshwa kule 1954, ukaimbwa na watu ambao Kihindi hawakijui kama sisi tu. Halafu kuna ndoto, kama dakika tisa hivi bila kukatika, mawingu, ngazi ndefu, masanamu makubwa, moto wa jehanamu chini na Rita juu anamwita, na Jagga anatokea katikati na kisu. Ukifika hapo usijiulize hii inahusiana nini na hadithi maana yote aliyoyaogopa Raj tangu utotoni yako humo ndani, kazi ya Rita ni kumtoa, na ndicho anachokwenda kukifanya mahakamani.

Kasoro ninayo. Kuna sehemu Raj anampiga Rita ufukweni na muvi inaichukulia kama sehemu ya mapenzi yao, na mimi kila nikifika pale naumia, sijawahi kuizoea. Ukiwa unaangalia na watoto wa kike jiandae kuizungumzia.

Sasa Pyaasa. Guru Dutt ndo dairekta na ndo Vijay, mshairi asiye na kazi, Calcutta. Mashairi yake hakuna anayetaka kuyachapa, na kaka zake nyumbani wameyachukua yale makaratasi wakamuuzia mnunua karatasi chakavu. Anakuja kugundua kuna mwanamke anayejiuza, Gulabo (Waheeda Rehman), aliyanunua kule akayasoma akayapenda, na usiku anamsikia anaimba maneno ya kwake barabarani, anamfuata kwa ajili ya shairi lake na yeye Gulabo anadhani ni mteja. Wimbo huo ni sauti ya Geeta Dutt na ninavyoona mimi ni moja ya njia nzuri zaidi za kukutanisha wapenzi kwenye sinema yoyote, kwa sababu wote wawili wanafuata kitu tofauti na mtazamaji anajua.

Hapa wimbo na shairi ni kitu kimoja, maana shujaa ni mshairi, na aliyeandika maneno ni Sahir Ludhianvi, mshairi wa Kiurdu aliyekuwa na jina lake hata nje ya sinema, muziki wa S.D. Burman. Kuna sehemu Vijay anatembea usiku mtaa wa makahaba, ametoka kumuona mwanamke anachezeshwa ngoma huku mtoto wake mgonjwa analia chumba cha pili na wateja hawamruhusu aende, anatoka nje analewa na uchungu anaanza kuimba akiuliza wako wapi wanaojivunia India, waje waone. Hiyo ni 1957, miaka kumi tangu uhuru, Nehru bado waziri mkuu. Ilitaka moyo.

Na ile ya ukumbini. Watu wanadhani Vijay kafa (alimpa ombaomba koti lake, ombaomba akagongwa na treni), mashairi yamechapwa sasa na yanauzwa kama njugu, wale wale waliomfukuza wameandaa kumbukumbu ya kumsifu. Ukumbi umejaa. Mlango wa nyuma unafunguka, anasimama pale mikono imeshika pande mbili za mlango, mwanga uko nyuma yake kwahiyo uso huuoni, unaona kivuli tu chenye umbo la msalaba, na anaanza kuimba taratibu sana kwamba hata nikiipata dunia hii itanisaidia nini. Vichwa vinaanza kugeuka kimoja kimoja. Sauti ya Rafi inapanda kidogo kidogo mpaka mwisho anapiga kelele ichomeni hii dunia, iondoeni mbele yangu. Aliyeshika kamera ni V.K. Murthy na ukitaka kujua kwanini watu wanasema nyeusi na nyeupe ina utajiri wake angalia mwanga wa hiyo sehemu tu.

Kwahiyo ipi? Awaara bado inaiamini serikali na mahakama, inaamini ukimweleza jaji vizuri ataelewa, imetoka katiba ya nchi haijafikisha hata miaka miwili na watu wana matumaini. Pyaasa imeshachoka, shujaa wake akipewa heshima anaikataa na kuondoka. Kama wewe ni mtu wa kupenda burudani, vichekesho kidogo, mapenzi, mahakama, anza Awaara. Kama ni mtu wa mashairi, unaandika au ulishawahi kukataliwa kitu ulichokifanya kwa moyo wako wote, nenda Pyaasa moja kwa moja. Mimi binafsi Pyaasa naiweka juu, ila namshauri mtu aangalie Awaara kwanza na wiki hiyohiyo aangalie Pyaasa, kwa sababu ya pili inaonekana kubwa zaidi ukiwa umeshaona yale matumaini inayoyaacha. Na usiogope kuwa Pyaasa ni huzuni mwanzo mwisho, Johnny Walker yumo anakanda watu vichwa kwa mafuta barabarani na wimbo wake utakutoa tabasamu.

Mother India na Do Bigha Zamin

Hapa tunatoka mjini. Zote mbili ni deni na shamba, jambo ambalo mkulima yeyote wa kwetu hahitaji kufafanuliwa.

Kwenye Mother India ya Mehboob Khan, mama mkwe wa Radha kakopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijijini, ili kumuoza mwanae, hawajui kusoma, na kumbe makubaliano ni kwamba robo tatu ya mavuno kila mwaka inakwenda kwa mkopeshaji kama riba tu, deni lenyewe liko palepale. Kila kinachofuata kinatoka kwenye hizo 500. Mume (Raaj Kumar) anapondwa mikono na jiwe wakijaribu kufungua kipande kingine cha ardhi, anaona aibu, anaondoka usiku na harudi, na Radha anabaki na watoto. Huyo Radha ndo Nargis, yule yule wakili wa Awaara, na kuna sehemu hakuna ng'ombe wa kukokota plau kwahiyo anajifunga mwenyewe kamba mabegani anaivuta, matope mpaka usoni, huku Lata anaimba kwamba tukishakuja duniani lazima tuishi. Wimbo unaanza watoto wadogo wanasukuma plau nyuma yake na katikati ya wimbo huohuo watoto wanakuwa vijana wakubwa, mwanangu miaka mingi imepita kwenye dakika chache na hakuna aliyesema "miaka kadhaa baadaye". Muziki ni wa Naushad. Muvi ni ya rangi, kubwa, mafuriko, moto, mamia ya wanakijiji, ikaingia mpaka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar kwa filamu ya lugha ya kigeni.

Do Bigha Zamin ya Bimal Roy ni ndogo, nyeusi na nyeupe, nyimbo chache, na inauma kwa namna nyingine. Shambhu anadhani anadaiwa rupia 65, anafika kwa tajiri anaambiwa ni 235 kwa sababu kaweka dole gumba kwenye karatasi asizozijua, na mahakama inampa miezi mitatu la sivyo shamba linauzwa. Anakwenda Calcutta kuvuta riksha, ile ya kukokotwa na mtu kwa miguu. Balraj Sahni aliyeigiza alikuwa msomi, alishafanya kazi BBC London, akaenda kuvuta riksha barabarani Calcutta ili ajifunze, na inaonekana kwenye mgongo wake na anavyohema. Kuna abiria anamfukuza msichana aliyeko kwenye riksha ya mbele, kila dakika anaongeza dau, kimbia nikupe zaidi, kimbia nikupe zaidi, na Shambhu anakimbia kweli maana kila rupia ni kipande cha shamba, wale wawili kwao ni mchezo, mpaka gurudumu linatoka. Baada ya kuiona hiyo sehemu utaangalia bodaboda na mwenye mkokoteni kwa jicho lingine.

Mama wa familia wa Do Bigha Zamin ni Nirupa Roy, na ukishamuona hapo utamkumbuka utakapokutana naye miaka 22 baadaye, mama wa Amitabh Bachchan kwenye Deewaar.

Kuchagua kati ya hizi mbili kwangu ni rahisi. Ukiwa na familia sebuleni, bibi, wajomba, watoto, weka Mother India, kila mtu atapata chake na mama yeyote aliyelea peke yake ataelewa bila hata kusoma maandishi ya chini. Ukiwa peke yako na huna muda wa saa tatu, Do Bigha Zamin, ina saa mbili na kidogo. Ila kwa ukweli wa mambo, nani anamnyonya nani na kwa karatasi gani, Bimal Roy amemuonyesha mnyonge vizuri zaidi, hakumpandisha kuwa sanamu la taifa.

Mughal-e-Azam

Hii ndo ngumu kumwanzisha nayo mtu na ndo ambayo akishaipenda haangalii nyingine mwezi mzima. K. Asif aliianza miaka ya 1940, India ikagawanywa 1947, aliyekuwa anaigharamia akahamia Pakistan, ikabidi kuanza upya na waigizaji wengine, ikatoka Agosti 1960. Hadithi ni mfalme Akbar, mwanae Salim (Dilip Kumar) na mcheza ngoma wa ikulu Anarkali (Madhubala). Akbar ni nani? Prithviraj Kapoor tena, yule yule jaji wa Awaara. Mara zote mbili ni baba aliyesimama upande wa sheria na mwanae yuko mbele yake, na Mother India nayo mwisho wake unamweka mama palepale, siusemi. Ukiziangalia tatu hizi kwa mfuatano utaona zinaongea.

Mazungumzo ni Kiurdu cha ikulu, kila sentensi imepigwa nakshi, mtu asiyezoea anaweza kuona wanaongea polepole mno. Wape nusu saa. Na subiri ukumbi wa vioo. Anarkali ameitwa kucheza mbele ya mfalme aliyemkataza kumpenda Salim, na anaimba wimbo unaouliza nimependa, kwanini niogope, sijaiba. Dari yote ni vipande vya vioo. Akbar anainua macho na kila kioo kina Anarkali mdogo anazunguka, makumi kwa makumi, hana pa kuangalia ambapo hayupo. Uso wa Prithviraj pale hauhitaji tafsiri.

Hapa kuna uchaguzi mwingine wa kufanya. Ya 1960 ni nyeusi na nyeupe karibu yote, ila sehemu hiyo ya vioo ilipigwa kwa rangi. Mwaka 2004 wakaitia rangi muvi nzima. Tafuta ya mwanzo, nakusihi, kwa sababu umekaa saa nzima na zaidi kwenye kijivu halafu ghafla Anarkali anatokea na rangi yote duniani, na ukiangalia ya 2004 mshtuko huo haupo, rangi ilishakuwepo tangu mlango wa kuingilia. Wenye macho ya kisasa wataniambia ya rangi inavutia zaidi kwa watoto. Labda, ila mimi siibadilishi.

Kabla hujawasha

Angalia sabutaito kwanza. Kopi nyingi zinatafsiri mazungumzo halafu wimbo ukianza maandishi yanapotea, na kwa muvi hizi hapo ndo wamekunyima penyewe, Pyaasa bila tafsiri ya nyimbo usiiangalie kabisa, heri usubiri upate kopi nyingine. Sogeza mpaka wimbo wa kwanza, ukiona maandishi hamna, funga usimalize bando. Awaara na Mother India ni kama saa tatu hivi, Mughal-e-Azam inazidi saa tatu, Pyaasa ni kama saa mbili na nusu, na zote zilitengenezwa ziwe na mapumziko katikati, kwahiyo ukikata hapo ukaendelea kesho hujaiharibu, ndivyo ilivyopangwa watu watoke wakanywe chai.

Na Sholay iache iwe ya mwisho. Ni ya 1975, Amitabh, Dharmendra, Sanjeev Kumar, Amjad Khan kama Gabbar Singh, nzuri sana, lakini ukiifikia umetokea huku utaona nyimbo zimeshabadilika kazi, unapumzika nazo kabla ya risasi nyingine, na ile kinanda ya mdomo ya Jai (ndo Amitabh) inabeba huzuni ambayo zamani angeimba Rafi. Kuna kopi iliyosafishwa upya na kuonyeshwa 2025 yenye mwisho wa awali ambao bodi ya ukaguzi iliukataa ilipotoka, ukiipata hiyo chukua hiyo.